UZI: Kamera za mkanda Mwanza – kwa nini hazifi, na namna ya kusafisha mkanda kwa maji ya bomba la huku

#1 JabaliLaZiwa

Wadau, salaam. Swali la "kwa nini uhangaike na mkanda wa picha 36 wakati simu ina kamera tatu" linarudi kila mara kwenye nyuzi za kamera. Naliweka hapa na majibu yake, tukimaliza tuingie kwenye kazi yenyewe.

Wanaosema "rangi za zamani" na "hisia" hawajanishawishi. Rangi hizo programu ya bure inakupa kwa dakika moja. Yapo mambo yanayoshikika zaidi.

Mkanda wa negativi hauungui upesi kwenye mwanga mkali. Chukua pale Jiwe la Bismarck saa saba mchana: maji yanameta, granaiti imekaa nusu kivulini, mbele kasimama mtu kavaa kanzu nyeupe. Sensa ya dijitali (kipokea mwanga cha kamera) ikizidiwa kwenye ile kanzu, pale hapana kitu tena, hata uvute vipi kwenye kompyuta. Mkanda unaendelea kuwa mzito kidogo kidogo bila kukata ghafla, kwa hiyo mkanda kama HP5 Plus au Portra 400 uliopata stopu mbili za ziada (kila stopu ni mwanga mara mbili) bado unachapika vizuri. Udhaifu wake uko upande wa pili: ukiunyima mwanga, kivuli kinabaki plastiki tupu. Kwenye dijitali unalinda weupe, kwenye mkanda unalisha kivuli. Wanaotoka kwenye simu wanaumia hapo hapo mwanzoni.

Halafu negativi ni kitu. Haina nywila, haidai programu ya kuifungulia. Ukiinua juu dirishani picha unaiona. Ikitunzwa pakavu, ya miaka ya 1970 unaichapisha leo.

Na kamera nyingi ni chuma na gia tu. Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na betri yake ni ya mita ya mwanga peke yake. Ikifa, shata (pazia linalofungulia mwanga) inaendelea kufyatuka. Kwa anayekwenda Ukerewe siku nne hilo si jambo dogo.

Viwanda navyo vinajua wateja wapo. Kodak waliacha Kodachrome 2009, Januari 2012 wakaomba kinga ya kufilisika, kila mtu akasema basi. 2018 wakarudisha Ektachrome. Leica wakaanza tena kutengeneza M6 mwaka 2022, Harman wa Uingereza wakatoa mkanda mpya wa rangi, Phoenix 200, mwishoni mwa 2023, na 2024 ikaja Pentax 17 inayotoa picha 72 kwenye mkanda wa 36 kwa kupiga nusu fremu. Huwezi kuniambia kampuni zote hizo zinafanya biashara ya majonzi.

#2 NyamaganaPikseli

Mkuu, hoja ya mwanga mkali imepitwa na wakati. Piga faili ghafi, punguza stopu moja na nusu, vivuli vivute baadaye. Sensa za sasa zinavumilia. Na hesabu ya pesa umeirukia: mkanda unaagizwa nje, dawa zinaagizwa nje, kisha uskani. Harusi moja ya picha 800 unahitaji mikanda 23. Nani analipa?

#3 JabaliLaZiwa

Kwa harusi chukua dijitali, sibishani. Mpira wa CCM Kirumba chukua dijitali. Picha za habari zinazotakiwa Dar ndani ya nusu saa, dijitali.

Mkanda una faida pale ambapo picha chache zinatosha: sura za watu, majengo, mwambao, kazi ya mfululizo inayochukua mwaka. Ukiwa na fremu 36 unapima mwanga kabla, unasogea kabla, unangoja mtumbwi ufike mahali pake. Kupunguza stopu kwenye faili ghafi kunafanya kazi, lakini kivuli ukikivuta sana kinakuja na chenga za rangi. Chenga za mkanda zimetawanyika picha nzima, jicho linazizoea.

#4 IgomaMgeni

Shikamooni wakubwa. Nimeona kamera kadhaa za zamani zinauzwa mjini, nyingine zilikuwa za studio. Nikague nini kabla ya kutoa pesa? Na kuna tofauti gani kati ya K1000 na Canon AE-1, maana bei zimepishana.

#5 FundiShata

Marahaba. Nenda na tochi ndogo, betri mbili za LR44 na pamba za masikio.

Fungua mgongo wa kamera, toa lenzi, elekeza angani. Fyatua kwa 1/1000 ya sekunde ukiangalia kupitia uwazi: lazima uone mwanga umepita fremu nzima. Ukiona upande mmoja mweusi, pazia moja linalifukuza jingine na kulifikia. Kisha weka sekunde 1, sikiliza. Ikikwama au ikichukua sekunde mbili, grisi ya ndani imekauka. Kasi za polepole ndizo hufa kwanza, na muuzaji atakuonyesha zile za haraka tu.

Funga shata, zima taa, mulika tochi kwenye pazia kutoka mbele huku ukichungulia nyuma. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano litachora doa jeusi kwenye negativi, na likichapishwa linakuwa doa jeupe. Usichanganyikiwe: mwanga mwingi kwenye negativi ni weusi, kwenye picha iliyochapwa ni weupe.

Gusa sponji za mlango wa nyuma na ile inayogongwa na kioo. Ikinata kidoleni kama lami, imeoza. Si sababu ya kuiacha kamera, ni ya kupunguza bei: zikwangue kwa kijiti na spiriti, bandika sponji nyeusi ya milimita 1.5 hadi 2, na kwenye mifereji myembamba uzi mweusi wa sufi unatosha. Usiache vumbi la sponji liangukie kioo cha kulenga.

Lenzi: ifungue hadi mwisho, mulika kutoka nyuma. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Ikiwa pembeni na kidogo, picha haziathiriki sana; ikiwa imekula mipako, achana nayo. Usiiweke lenzi yenye kuvu mfuko mmoja na nzima. Kisha cheza na apecha, tundu la lenzi linalopunguza au kuongeza mwanga: visu vyake visiwe na mafuta na virudi papo hapo.

Chumba cha betri chenye unga wa kijani hufutwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti. Ukiona nyaya zimeliwa, hapo ni kazi ya kuchomelea.

AE-1 nayo ni ya 1976, ila shata yake inaendeshwa na umeme wa betri ya volti 6, aina ya 4LR44. Bila betri ni jiwe. Na ikifyatuka kwa sauti ya kukohoa, gia ya kioo imekauka mafuta; inatengenezeka. Kwa mwanzo hapa kwetu ningechukua K1000, au Nikon FM2 ukiiweza bei, kwa sababu hiyo inafika 1/4000 na jua letu unalijua.

Jihadhari na zile zilizoundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, mfano Olympus OM-1. Ukiweka ya volti 1.5, mita inadanganya. Betri namba 675 ya vifaa vya kusikia, volti 1.4, na kipete cha kuishikilia, inakaribia sana. Inaisha ndani ya miezi michache tu, lakini ni rahisi.

#6 BintiKamanga

Kabla hatujafika kwenye dawa, tuseme jua. Hii ndiyo inayoharibu mikanda ya kwanza ya watu wengi.

Kanuni ya f/16 (f ni namba ya apecha, ikikua tundu linapungua): jua kali, weka f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO, yaani wepesi wa mkanda kupokea mwanga. ISO 100 ni 1/125, ISO 400 ni 1/500. Mawingu mepesi yenye kivuli laini f/11, mawingu bila kivuli f/8, mawingu mazito f/5.6, kivulini chini ya mti au baraza f/4. Kwenye maji yanayometa au mchanga mweupe, f/22.

Sasa ona tatizo. Umepakia ISO 400 kwenye K1000, mchana, ufukweni, na unataka f/4 ili nyuma pafifie. Kutoka f/16 hadi f/4 ni stopu nne, kwa hiyo 1/500 inakuwa 1/8000. Kamera inaishia 1/1000. Hata ISO 100 kwa f/4 inadai 1/2000, utaishia f/5.6. Ndiyo sababu mkanda wa mchana wa ziwani ni ISO 100 au 125, na ISO 400 ni wa asubuhi, jioni, ndani ya nyumba na sokoni chini ya mabati. Watu wananunua 400 kwa sababu "inafaa popote", halafu kila picha ni f/16.

Saa nazo. Mwanza iko magharibi mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar, hivyo jua la utosi linafika karibu saa saba kasorobo. Na kwa kuwa tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, linashuka karibu wima: kutoka nyuzi 10 juu ya upeo hadi kuzama ni dakika 40 hivi. Mkanda uwe umeshapakiwa. Anayebadilisha mkanda saa kumi na mbili na nusu jioni pale Capri Point atapiga giza.

Filta kwa nyeusi na nyeupe: njano inakula stopu moja na kutenganisha mawingu na anga, nyekundu inakula stopu tatu, anga linakuwa karibu jeusi. Nyekundu isitumike kwenye sura za watu, inapausha midomo.

#7 NegativiNene

Naongezea kwenye ngozi, dada BintiKamanga kaipita.

Mita ya kamera inadhani kila kitu ni kijivu cha asilimia 18. Ngozi nyeusi ikijaza fremu, mita itaongeza mwanga, na kwa mkanda wa negativi hiyo si hasara. Balaa ni mtu mweusi akiwa mbele ya maji yanayometa: mita inasoma maji, inaminya, uso unatoka kivuli kitupu. Dawa yake ni kusogea na kupima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule unaompiga yeye, kisha kuongeza stopu moja, kwa sababu kiganja cha watu wengi ni stopu moja juu ya kijivu. Ukishapata namba, funga macho kwa mita, usiifuate tena mpaka mwanga ubadilike.

Rangi ina historia yake hapa. Maabara zilikuwa zinasawazisha mashine za kuchapia kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Ngozi zetu zikitoka za kijivu au nyekundu kupita kiasi, tatizo mara nyingi lilikuwa kwenye uchapaji, negativi iko salama. Zile negativi za zamani mlizo nazo kabatini ziskanini upya kabla ya kuzihukumu.

#8 IgomaMgeni

Wabeja sana wakuu. Swali la pili: vitabu vyote vinasema dawa iwe nyuzi 20. Maji ya bomba kwangu yanasoma 25. Niweke barafu?

#9 JabaliLaZiwa

Hapana. Hili ndilo nililofungulia uzi.

Ukipoza dawa kwa barafu hadi 20, halafu ukasuuza kwa maji ya 25 au 26, emalshani (tabaka la mkanda linalobeba picha) inavimba na kusinyaa ghafla na inaweza kupasuka nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka. Na dawa yenyewe inapanda joto ukiwa unatikisa, hujui hata ilikuwa ngapi. Fanya kila kitu kwa joto la maji ulilo nalo, maadamu dawa zote na suuzo zipo kwenye joto moja, kisha punguza muda. Kwa nyeusi na nyeupe kila nyuzi moja juu ya 20 inapunguza muda karibu asilimia 9 hadi 10.

HP5 Plus kwenye dawa ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 ni dakika 9. Kwa 26 inakaribia 7 na nusu. Hapo bado uko salama. Ila D-76 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa 20. Kwa 24 inashuka hadi 5 na robo, na chini ya dakika 5 dawa haisambai sawasawa, unapata mawimbi angani. Kwa hiyo huku zimua. Dawa ya Rodinal 1+50 (sehemu moja kwa maji 50) ni dakika 11 kwa 20, karibu 7 na nusu kwa 24.

Kwa nini naipendekeza Rodinal kwa Mwanza: inakaa kwenye chupa miaka, hata ikigeuka rangi ya chai nyeusi. D-76 ni unga wa kuyeyusha kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 55, na ukishayeyushwa unakaa miezi sita chupa ikijaa hadi shingoni, miwili ikiwa nusu. Anayesafisha mkanda mmoja kwa mwezi atakuwa anamwaga dawa. Chenga za Rodinal ni kubwa kwenye ISO 400, hilo mkubaliane nalo.

Utaratibu, tangi la Paterson (chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga), mkanda mmoja wa 35mm, mililita 300 (tangi linataka angalau 290, mkanda mpana wa 120 unataka 500):

Rodinal mililita 6, maji 294, pima kwa sirinji. Mimina, gonga tangi mezani mara mbili tatu kutoa mapovu, pindua mara nne ndani ya sekunde kumi za mwanzo za kila dakika. Usitikise kama chupa ya soda. Muda ukikaribia anza kumwaga sekunde kumi kabla.

Dawa ya kusimamisha: siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, nusu dakika. Isiwe siki yenye rangi.

Fiksa (dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe tena na mwanga) ya haraka 1+4, dakika 3 hadi 5. Usikisie: kata kipande cha ulimi wa mkanda ule ambao haujasafishwa, kitumbukize kwenye fiksa, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu kabisa. Muda huo zidisha mara mbili ndiyo muda wa kufiksi. Ukifika mara mbili ya ulivyokuwa fiksa ikiwa mpya, imekufa.

Suuzo: jaza, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Mwishoni maji ya chupa na tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo. Maji ya bomba baada ya mvua yana mashapo, na mashapo yakikaukia kwenye emalshani hayatoki.

#10 FundiShata

Kabla ya hapo kuna kupakia mkanda gizani kwenye reli, ile ya kuuviringia ndani ya tangi. Mikono ndani ya mfuko wa giza kwa joto letu inatoa jasho, na reli ya plastiki ikipata unyevu mkanda unakwama katikati. Ikikwama usilazimishe: weka mkanda ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono upoe. Reli ianikwe juani kabla mpaka iwe kavu kabisa, na pembe mbili za mwanzo wa mkanda zikatwe mviringo kabla ya kuingia gizani. Ukisikia "krik" kidole kimeukunja. Hilo litaonekana kama mwezi mwembamba kwenye picha.

#11 SatoMkavu

Mkanda ukitoka mweupe wote unajuaje kosa ni la kamera au la dawa?

#12 JabaliLaZiwa

Angalia pembeni, kwenye namba za fremu na jina la mkanda. Hizo zilichapwa kiwandani kwa mwanga.

Namba zipo, picha hamna: dawa ilifanya kazi, mkanda haukupata mwanga. Karibu kila mara haukushika kwenye rola. Kinga yake ni kitasa cha kurudishia mkanda: baada ya kupakia kikaze taratibu, kisha ukivuta wenzo wa kusogeza lazima kizunguke. Kisipozunguka, unapiga fremu moja tu mara 36, au hata hiyo hupigi.

Namba nazo hamna: dawa imekufa, au umetanguliza fiksa. Andika chupa kwa kalamu nene pande zote mbili.

Mweusi wote hadi pembeni: umeingia mwanga. Mweusi sehemu ya picha tu, pembeni pasafi: mwanga ulizidi.

Ukungu wa maziwa: fiksa haikutosha, rudisha ndani hata kesho, inapona. Viduara vidogo visivyo na kitu: mapovu, hukugonga tangi. Mabaka yasiyosafishika: mkanda uligusana kwenye reli. Mistari inayotoka kwenye matundu ya pembeni: umetikisa kwa fujo.

#13 BukobaRobusta

Mmesahau dawa ya Kagera. Kahawa!

Kafenoli kwa lita moja: sodiamu kaboneti kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa ya kuyeyuka gramu 40. Kwa tangi la 300 ni gramu 16, 5 na 12. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwa 24 anza na 10. Yeyusha kaboneti kwanza, kisha vitamini C ambayo itatoa povu, mwisho kahawa. Ngoja dakika tano mapovu yaishe, tumia saa hiyo hiyo. Harufu ni mbaya, fungua madirisha.

Kahawa iwe ile ya bei ya chini yenye robusta, kwa sababu asidi zinazosafisha zimo humo kwa wingi. Ya Tanica inayotengenezwa Bukoba au Africafé zinafaa. Kahawa ya kifahari ya arabika ni kupoteza. Kahawa ya kuchemsha ya mtaani haifai, hujui nguvu yake.

Inakwenda vizuri na mikanda ya ISO 100. Kwa ISO 400 inaleta ukungu mpaka uongeze potasiamu bromaidi gramu 1 kwa lita.

#14 SatoMkavu

Magadi ya kupikia maharage si ndiyo hiyo hiyo kaboneti?

#15 BukobaRobusta

Nusu tu, mkuu. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na yanakuja na chumvi na udongo usiojua kiasi chake. Dawa inakuwa dhaifu, na kila fungu la magadi lina tabia yake.

Tumia baking soda ya dukani. Imwage kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, koroga. Mwanzo unga unachemka kama uji kwa sababu unatoa gesi na mvuke; ukitulia kabisa umekuwa kaboneti. Uzito unapungua kwa asilimia 37, kwa hiyo gramu 86 zinakupa 54. Pima tena baada ya kupoa. Ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa haijaiva. Usitumie sufuria ya alumini, kaboneti inaila. Vitamini C iwe unga mtupu, siyo vidonge vya rangi ya chungwa.

Na ukitumia kafenoli usiweke siki baada yake. Kaboneti na siki vinatoa gesi ndani ya emalshani na kuacha vitundu. Suuza kwa maji mara tatu, nenda kwenye fiksa. Fiksa yenyewe haina mbadala wa jikoni, hiyo agiza.

#16 BintiKamanga

Kukausha: wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi wanafuata taa, na mkanda uliolowa unawanasa. Aliyenasa usimtoe akiwa mbichi, mabawa yatabaki na utakwangua picha. Tundika bafuni, taa zimezimwa, dirisha limefungwa, baada ya kunyunyiza maji ya moto sakafuni ili vumbi litue. Kibanio kizito chini. Saa tatu hadi nne. Feni marufuku.

Mikanda isiyotumika ikae kwenye friji ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, siyo tu kwa ubaridi bali umeme ukikatika unyevu usiingie. Ukitoa, iache saa moja au zaidi kabla ya kufungua. Uwanja wa ndege usiiweke kwenye begi la kupakiwa. Omba ikaguliwe kwa mkono, hasa penye skana mpya za CT, hizo zinaharibu hata ISO ndogo.

#17 NyamaganaPikseli

Nimekuwa nikisoma kimya. Swali la kweli safari hii: taa za wavuvi wa dagaa usiku kutoka milimani, mkanda unaziweza? Kwenye dijitali natumia sekunde 30 na kazi imeisha.

#18 NegativiNene

Unaziweza, ila sekunde 30 za mita siyo sekunde 30 za mkanda. Mwanga ukiwa hafifu kwa muda mrefu mkanda unachoka kuupokea. Kwa HP5 Plus, Ilford wanatoa kipeo cha 1.31: mita ikisema sekunde 4 unatoa 6, ikisema 10 unatoa 20, ikisema 30 unatoa 86. Mkanda wa Fomapan unachoka haraka zaidi, usiupeleke huko.

Nenda usiku usio na mwezi, kwa sababu ndiyo siku ambazo wavuvi wa dagaa wanatoka kwa wingi. Mitumbwi inayumba, kwa hiyo kila taa itachora kistari. Ukitaka nukta usizidi sekunde chache na ukubali maji yawe meusi. Shata kwenye B (inabaki wazi muda wote unaobonyeza), waya wa kufyatulia wenye kufuli, f/5.6. Piga tatu: kama hesabu, mara mbili yake, mara nne. Hapa ndipo ule mkato laini wa mkanda unaonekana, taa inabaki na umbo badala ya kuwa tundu jeupe.

Na hiyo dijitali yako usiitupe, ndiyo skana nzuri. Lenzi ya makro, f/8, ISO ya chini kabisa, chini ya negativi taa bapa yenye namba ya usahihi wa rangi 95 kwenda juu, upande unaong'aa sana uangalie lenzi. Kunyoosha kamera, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativi na usogeze mpaka lenzi ijione katikati. Ziba mwanga wote wa pembeni kwa kadibodi nyeusi. Darktable ni ya bure na ina sehemu ya kugeuza negativi, hata zile za rangi zenye ule uchungwa wake.

#19 IgomaMgeni

Fiksa iliyokufa namwaga wapi?

#20 FundiShata

Si mtaroni. Mitaro ya Mwanza inashukia ziwani na maji ya bomba tunayavuta humo humo, na fiksa iliyotumika ina madini ya fedha yaliyoyeyuka. Iweke kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza sufi ya chuma ya kusugulia, ile inayoshika kutu, iache siku mbili. Chuma kinayeyuka na fedha inatua chini kama tope jeusi. Chuja tope kwa kitambaa, likaushe, litunze kwenye kopo. Maji yaliyobaki yazimue sana na uyamwage kwenye choo kilichounganishwa na bomba la maji taka, siyo cha shimo karibu na kisima. Vaa glavu, na ndoo hiyo isirudi jikoni.